Kuhusu: Ukimya wetu wa siku tisa, na namna ya kuandikiana kuanzia sasa

Kutoka kwa mratibu wa wanaojitolea, Majengo, Mombasa

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote.

Ndugu na dada zetu mlioko ng'ambo, naandika kwa niaba ya watu kumi na mmoja tunaojitolea kutangaza vikao vya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti, nanyi ndio mnaolipia karatasi, wino, mafuta ya tuktuk na kodi ya kipaza sauti. Naanza na habari mbaya, kwa kuwa ndiyo iliyotufanya tuchelewe kuandika. Vipeperushi elfu mbili tulivyochapisha kwa ajili ya kikao cha Kisauni vilitaja ukumbi usio wenyewe. Kosa ni letu. Mmoja wetu aliambiwa ukumbi kwa mdomo, nasi tukakimbilia kwa mpiga chapa kabla ya kuliona tangazo kwa macho. Tulilijua kosa usiku wa kuamkia kikao, na alfajiri tukatoka na tuktuk mbili kupita Junda, Mjambere na Mtopanga tukitangaza ukumbi wa kweli, lakini wapo waliokwenda kule tulikowaelekeza kwanza, wakakuta mlango umefungwa, wakarudi makwao.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na nakiri kwamba la pili lilikuwa kubwa zaidi. Hatukuwaandikia. Tulikaa siku tisa tukijiambia kwamba tungoje tupate la kupoza maneno, na katika siku hizo mchangiaji mmoja alizipata habari kutoka kwa shangazi yake wa Bamburi. Wawili wamesimamisha mchango wao wa kila mwezi. Nilipowapigia simu, hakuna aliyelalamikia gharama ya vipeperushi. Wote wawili waliniuliza kwa nini wao wawe wa mwisho kujua.

Naomba mwelewe pia tunavyofanya kazi huku, si kwa kujitetea. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka makadirio ya bajeti yafikishwe mbele ya bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili kupita, na yapitishwe kufikia tarehe 30 Juni. Vikao vya wananchi hubanwa katika kipindi hicho, na taarifa ya kikao ikitufikia zikiwa zimesalia siku nne, hatuwezi kuomba idhini Toronto kisha tukangoja Toronto iamke. Siku hizo nne ndizo za kuandika, kuchapa, kugawa misikitini baada ya sala ya Ijumaa na makanisani Jumapili, na kusimama kwenye feri ya Likoni, ambako kazi ni nyepesi kwa sababu mtu anayesubiri feri hana haraka ya kukataa karatasi.

Ninachopendekeza ni hiki. Matumizi yasiyozidi shilingi 10,000 tuyaamue wenyewe tukiwa hapa, na mwarifiwe siku hiyo hiyo. Yakizidi hapo, tuwaandikie kwanza na kungoja saa ishirini na nne, na asiyejibu ahesabiwe kuwa ameridhia. Habari mbaya itumwe kabla ya jua la siku ya pili kuzama, hata kama ni mistari miwili na hatujui bado chanzo chake. Nakaribisha marekebisho.

Kutoka kwa mchangiaji, Toronto

Ndugu mratibu, wa alaykum salaam. Mimi ni mmoja wa wale wawili. Nashukuru kwamba umeandika, na zaidi kwamba umelitaja kosa kwa jina lake bila kulivika nguo. Mchango wangu unarudi mwezi ujao. Hata hivyo nina maneno matatu, na la kwanza ni refu kuliko mengine.

Pengine hamwoni uzito ambao sisi tunaweka juu ya barua moja. Mwaka 2022 Wakenya tulioko Kanada tulipewa nafasi ya kupiga kura, lakini kura yenyewe ilikuwa ya rais peke yake. Sina mwakilishi wa wadi ninayemchagua, sina gavana ninayemwajibisha, na siwezi kuketi katika kikao cha bajeti nikauliza kwa nini mtaro wa mtaa niliozaliwa haujachimbwa. Ninachobaki nacho ni mchango huu na taarifa inayonirudia. Mkinyamaza siku tisa, ni kama nimetolewa tena nje ya mlango. Kwa hiyo msidhani kwamba tunaouliza maswali mengi tunawashuku wizi. Wengi wetu tunatafuta pa kusimama.

La pili ni picha. Mwezi wa Machi mlitutumia picha arobaini za mikono iliyoshika karatasi, nami sikujua nizifanyie nini. Isitoshe, nyingine zilionyesha nyuso za akina mama waliovaa buibui, ambao sidhani kama waliulizwa iwapo wanakubali kusafirishwa hadi simu za watu wasiowajua. Ningefurahi zaidi kusoma maswali matano yaliyoulizwa kikaoni, yaandikwe kama yalivyosemwa, pamoja na jibu lililotolewa au kukosekana. Swali la mtu mmoja wa Mtopanga kuhusu taa za barabarani lingenieleza kama tangazo lilifika.

La tatu ni saa, na hili naliandika kwa aibu kidogo. Mlipotuita kwenye mazungumzo ya simu "saa tatu usiku", mimi niliyekaa huku miaka kumi na sita niliamka saa tisa za usiku wa Toronto nikangoja peke yangu, kwa kuwa kichwa changu kimeshazoea kuhesabu kwa namna ya huku. Tafadhali andikeni saa ya Mombasa kwa maneno na kwa tarakimu, yaani saa tatu usiku, 21:00. Hapo kila mtu atapiga hesabu yake. Kwetu ni saa nane mchana wakati wa kiangazi na saa saba mchana wakati wa baridi, kwa sababu saa za huku husogezwa mara mbili kwa mwaka na za huko hazisogezwi.

Kutoka kwa mweka hazina, Kisauni

Kaka yangu wa Toronto, la picha nimelipokea, na zile zenye nyuso nimeziondoa kwenye kumbukumbu zetu. Mimi nitaongea ya pesa, maana ndiyo ninayoulizwa kila wiki.

Anayetuma pauni mia kutoka London huiona pauni mia, na ada juu yake. Mimi huona shilingi, kwa kiwango cha siku ile, baada ya kampuni ya kutuma kukata chake. Mchangiaji akisoma katika hesabu yangu kiasi pungufu ya kile alichokipiga kichwani, na hakuna aliyemweleza, shaka huingia hata kwa mtu mwema. Kwa hiyo kuanzia sasa nitamwandikia kila mmoja peke yake, siku ya kupokea, nikitaja tarehe na shilingi zilizoingia, naye alinganishe na karatasi yake. Sitataja kiwango cha ubadilishaji, kwa sababu mimi sikioni. Kinaonekana upande wa mtumaji.

Nasema "kila mmoja peke yake" kwa sababu ya jambo lililonipata. Kwa desturi yetu ya harambee, jina husomwa na kiasi hutajwa, na watu hupiga makofi. Nami nilikuwa nikiweka picha ya ujumbe wa M-Pesa kwenye kikundi cha WhatsApp, yenye jina na sehemu ya namba ya simu, nikidhani ndio uwazi. Kumbe binamu wa mchangiaji mmoja alikuwamo kikundini, na jioni ile ile akampigia kumwomba karo ya watoto wawili, akimwambia kwamba mwenye pesa za mabango hawezi kukosa za shule. Mwingine aliniandikia kwa upole kwamba anatoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na hapendi riya, yaani kutoa ili aonekane na watu. Na yuko ambaye karatasi zake za ukaazi bado ziko mezani kwa wakuu wa nchi alipo, na hataki jina lake lionekane karibu na neno siasa. Ifahamike pia kwamba Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na majina, namba na kiasi cha mtu ni data yake. Hesabu ya jumla itaendelea kuwa wazi kwa wote, kila shilingi iliyoingia na kutoka, lakini wachangiaji wataonekana kwa namba: Mchangiaji 1, Mchangiaji 2. Daftari lenye majina linabaki kwangu na kwa watia saini wenzangu wawili.

Yapo maswali mawili yaliyorudiwa. Wapo waliouliza kama naweza kuwapa risiti ya kupunguziwa kodi. Siwezi, na msijaze fomu kwa matumaini hayo. Uingereza, nyongeza ya serikali iitwayo Gift Aid, ile ya peni 25 kwa kila pauni iliyochangwa, hutolewa kwa mashirika ya hisani yanayotambuliwa huko, na kwa kawaida Kanada na Marekani nazo hutambua mashirika yaliyosajiliwa chini ya sheria zao. Sisi si shirika la namna hiyo. Risiti yangu ni ushahidi wa kupokea, basi.

Swali la pili ni la bwana aliyeko Ujerumani, ambaye mkewe si Mkenya na angependa kuchangia. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2011 haikubali chama kupokea mchango wa asiye raia. Sisi si chama, wala hatumpigii debe mtu yeyote, lakini nisingependa siku moja tuanze kubishana na watu juu ya mpaka huo uko wapi. Naomba shemeji yetu atuwie radhi. Mchango uandikwe kwa jina la mumewe na utoke katika pesa zake yeye. Na kwa wale waliochukua uraia wa pili baada ya Katiba ya 2010, hilo haliwaondolei Ukenya wao. Waliokuwa wameupoteza kabla ya hapo wanaweza kuomba kurejeshewa.

Kutoka kwa mchangiaji, Doha

Wanangu, mimi saa zangu ni zenu, Doha na Mombasa ni mamoja, kwa hiyo mkutano wa usiku haunisumbui. Langu ni moja na nitalisema waziwazi. Tunalipa sisi, karatasi ni zetu, na uchaguzi wa mwaka 2027 hauko mbali. Kwa nini vipeperushi visiwe na picha na jina la kijana tunayemkubali, yule anayehudhuria vikao vyote? Hata kwa herufi ndogo chini ya karatasi. Mkikubali, mchango wangu nitauongeza mara tatu, na ninao wenzangu wawili hapa wenye nia hiyo.

Kutoka kwa mratibu, Majengo, Mombasa

Mzee wangu, shikamoo. Nimelisoma ombi lako mara mbili, na kabla ya kujibu nimelipeleka kwa wenzangu wote, kwa sababu tumekubaliana kwamba pesa yenye sharti haijibiwi na mtu mmoja. Jibu letu ni hapana, na ningependa ulisikie kwangu mapema, si baada ya wewe kutuma.

Sababu iko barazani na kwenye feri. Mtu akipokea karatasi yetu, jambo la kwanza analofanya ni kuigeuza nyuma kutafuta ni ya nani. Asipoona uso wala rangi ya chama, husoma tarehe na ukumbi. Akiuona uso, husoma uso, kisha huikunja au huitupa kulingana na upande wake, na kikao hakijui tena. Imamu anayeturuhusu kugawa baada ya Ijumaa alituruhusu kwa sharti hilo hilo, karatasi isiwe na uso wala rangi ya chama, na mchungaji wa Likoni vilevile. Siku karatasi ikiwa na jina, milango hiyo miwili itafungwa, nasi tutabaki na tuktuk. Kijana unayemkubali, na huenda nasi tunamkubali, ana haki ya kujitangaza kwa pesa zake na za wanaomuunga mkono, kwa daftari lake, mbali na letu.

Najua kukataa mchango uliozidishwa mara tatu kunaonekana ni jeuri kwa watu ambao juzi wameharibu vipeperushi elfu mbili. Ukiamua kubaki na mchango wako wa kawaida, tutashukuru. Ukiamua kuondoa, mweka hazina atakuandikia kiasi kilichobaki cha mchango wako wa mwezi huu na atakirudisha bila kuulizwa sababu.

Kwa wengine wote: mapendekezo ya ndugu wa Toronto kuhusu saa na maswali ya kikaoni tumeyachukua kama yalivyo. Mtu mmoja tu, bibi mmoja mwalimu mstaafu wa Tononoka mwenye mwandiko mzuri na subira ya kutosha, ndiye atakayewaandikia barua ya kila wiki mbili, ili msipate majibu manne yanayopingana kutoka kwa watu wanne. Ukimwandikia yeyote kati yetu faraghani juu ya pesa, atalipeleka swali lako kwake.

Kikao kijacho ni cha Likoni. Tangazo lenye ukumbi nimeliona kwa macho leo asubuhi, na nakala yake ameshaipata kila mmoja wetu. Gharama ya kuchapa itazidi shilingi 10,000, kwa hiyo saa ishirini na nne zinaanza kuhesabiwa sasa, saa nne usiku ya Mombasa, 22:00.