Nkambo (babu ao bibi mzee) ananyimwa maji (gumzo la avenyu yetu, Katuba, Lubumbashi)

Ya Nadège, 18:42
Hamjambo bandugu. Mtu anayemlea nkambo anamkataza maji kuanzia saa kumi jioni ili asikojoe kitandani. Hapo tuseme anamtunza ao anamtesa?

Mama Furaha, 18:47
Anamnyima, hata kama hana nia mbaya. Mzee hasikii kiu kama kijana. Mwili ukikauka anachanganyikiwa, anafunga choo, anashikwa na maambukizi ya mkojo, halafu njo anakojoa ovyo zaidi. Anywe kidogo kidogo kutwa, apunguziwe saa mbili tu kabla ya kulala, na apelekwe choo kwanza.

Mama Furaha, 18:49
Kujua kama amekauka, usifinye ngozi ya mkono, ya mzee imelegea tayari. Tazama kama ulimi umekauka na mkojo una rangi nzito; ni dalili, si uhakika.

Papa Kalala, 18:55
Na wanaomfunga kwenye kiti "asianguke"?

Mama Furaha, 18:58
Hapana, Papa. Akiteleza, kamba inaweza kumnyonga. Na misuli isiyotumika inaisha upesi, siku akifunguliwa anaanguka vibaya zaidi. Toeni mkeka unaojikunja, wekeni taa kwenye njia ya choo, kitanda kiwe chini.

Papa Élie, 19:06
Mkienda kumsalimia, angalieni alama ziko wapi. Muundi wa mguu na mgongo wa kiganja hujigonga kila siku, na mwenye kumeza aspirini huvilia damu kwa kitu kidogo. Lakini alama ndani ya mkono wa juu, kwenye shingo, nyuma ya sikio, ao kuzunguka vifundo vyote viwili vya mikono (karibu na viganja), hizo ulizeni. Vidole vya mtu aliyemkamata kwa nguvu huacha madoa manne upande mmoja na moja upande wa pili. Rangi ya alama haisemi ni ya siku gani, msibishane juu ya hilo.

Mama Furaha, 19:11
Kwa ngozi yetu nyeusi kidonda cha kulala kikianza, wekundu hauonekani vizuri. Pitisha mgongo wa mkono juu ya mfupa wa makalio, visigino, nyonga: pakiwa pa moto ao pagumu kuliko pembeni, huenda kimeanza. Asiyejigeuza ageuzwe kila saa mbili hivi, mto nyuma ya mgongo, visigino vikae hewani. Kidonda peke yake hakithibitishi kwamba ametelekezwa. Kidonda kinachonuka, na hakuna mtu nyumbani anayejua kilianza lini, hicho kinasema.

Ya Nadège, 19:15
Na akilala mchana kutwa?

Mama Furaha, 19:17
Hesabu vidonge vyake. Pakiti ya 30, kimoja kwa siku: siku ya 10 jioni vibaki 20. Vikibaki 14, huenda kuna mtu anampa vya ziada ili anyamaze.

Papa Élie, 19:24
Shirika la Afya Duniani linasema karibu mtu 1 kati ya 6 wenye miaka 60 na zaidi alitendewa vibaya ndani ya mwaka mmoja. Kupiga ni sehemu tu. Simu ya mzee na namba yake ya siri kukaa kwa mtu mwingine, kidole chake kuchovywa wino kwenye karatasi ya parseli (kiwanja) asiyosomewa, kuitwa mchawi kwa sababu anaongea peke yake usiku: yote yamo humo. Anayeongea usiku anahitaji muganga wa hospitali, huenda ni ugonjwa wa kusahau ao ni yale maambukizi ya mkojo aliyosema Mama Furaha.

Papa Kalala, 19:29
Basi twende leo tumkabili huyo mlezi!

Papa Élie, 19:33
Tafadhali, hapana. Mkishatoka, nkambo anabaki naye usiku kucha. Mmoja akae na nkambo peke yao, aulize "usiku unapitaje?", asiulize "anakupiga?" Andikeni tarehe na maneno yake alivyoyasema. Kukiwa na jeraha, muganga kwanza. Kukiwa na hatari leo, shefu wa avenyu na polisi leo leo. OPJ (ofisa wa polisi anayechunguza kesi) ndiye anayeandika rekizisyo ya daktari, ni karatasi ya kumwomba daktari ampime. Katiba ya Congo ya 2006, kifungu cha 49, inawapa wazee haki ya kulindwa.

Mama Furaha, 19:38
Na mlezi apumzishwe. Anayegeuza mtu usiku kila saa mbili, wiki tatu bila kupokelewa, mkono wake unakuwa mzito. Hiyo haimpi ruhusa ya kupiga, ila sisi tunaweza kumpunguzia uchovu.

Ya Nadège, 19:41
Niandikeni zamu ya Alhamisi, saa nane mpaka kumi na moja. Nitakuja na kikombe chenye mdomo.

Papa Kalala, 19:42
Mimi Jumamosi asubuhi. Taa ya njia ya choo nitaileta kesho.