Naomba ushauri: tumepigwa pointi 20 mechi ya kwanza, mwanangu hataki tena kwenda uwanjani

Wakuu, habari za leo. Niko Ireland mwaka wa sita sasa na mpira wa Gaelic (mchezo wa jadi wa huku) umeniingia kwenye damu. Jumapili kaunti yetu imefungua ligi kwa kichapo: wao mabao 4 na pointi 15, sisi pointi 7 tu. Kwa wasioujua mchezo huu, bao ni pointi 3, kwa hiyo ni 27 kwa 7. Imeniuma sana.

Kwenye majukwaa ya uwanja wazee wanataka kocha aondoke leo hii. Mimi naona bado mapema, maana alichezesha vijana wengi na uwanja ulikuwa tope tupu. Kilichonitisha ni mashuti ya nje ya tao la mita 40, yaani mstari wa kupinda uliochorwa mbele ya goli. Tangu 2025 hayo yana pointi 2, na wapinzani walipiga bila kubughudhiwa. Halafu wachezaji wenyewe hawalipwi mshahara, kesho yake wanaamkia kazini!

Sasa mwanangu wa miaka 10 amelia njia nzima, anasema mechi ijayo haendi. Nimshawishi twende, au nimwache apumzike kwanza? Mlio na watoto wapenda mpira, mlifanyaje?