Bánh mì ya Saigon, Hải Phòng, Nha Trang au Đà Lạt: ipi ya kuanza nayo jikoni bila nguruwe?

kibanda_cha_pili
Wakuu, tulinganishe. Bánh mì wengi wanaijua kwa picha moja tu, mkate uliojazwa nyama na kachumbari, lakini Vietnam kila mji una yake. Nne ziko mezani: đặc biệt ya Saigon (nyama baridi za aina kadhaa, pate ya maini, yaani maini yaliyopikwa na kusagwa ya kupaka, achari), bánh mì cay ya Hải Phòng (nyembamba, pate na pilipili), chả cá ya Nha Trang (samaki) na xíu mại ya Đà Lạt (mipira ya nyama kwenye mchuzi). Masharti ni haya: hakuna nguruwe wala mvinyo, oveni ni ya gesi ya kawaida, na mkate uvumilie kama saa mbili baada ya kujazwa kwa sababu ni wa kuuza. Ipi ianze?

fundi_tanuri
Kabla ya kuchagua cha kujaza, chagua mkate. Đặc biệt nzuri ndani ya mkate mbaya ni hasara, ila hata dagaa wa kopo ndani ya mkate sahihi wanalika vizuri.

Unachotafuta ni ganda jembamba linalovunjika kama kaki, na ndani kuwe na hewa kuliko unga. Mkate mrefu wa Kifaransa haufai: ganda lake ni nene, unauma kwa nguvu na vitu vyote vinachomokea upande wa pili. Kwa mikate 9 ya gramu 95 hivi:

unga wa ngano gramu 500 (protini asilimia 11 hadi 12), maji 325, hamira kavu 6, chumvi 9, sukari 10, mafuta 15, na vitamini C kidogo sana, robo ya kidonge cha miligramu 250 kilichosagwa. Kiwe kidonge cha kawaida, si kile cha kutoa povu wala chenye ladha ya chungwa.

Kanda mpaka kipande ukikivuta kiwe utando unaopitisha mwanga. Kiumuke saa moja, gawanya, pumzisha dakika 15, kisha viringisha kwa kukaza hadi sentimita 18, ncha zikiwa nyembamba. Umuko wa pili ndio unaoharibu kazi za wengi. Watu hukatiza unga ukiwa umefika mara mbili ya ukubwa wake. Huu usubiri mara mbili na nusu au zaidi kidogo, maana wepesi wa ndani unatoka hapo. Chana kwa wembe mara moja, kwa urefu, wembe ukilala. Oveni nyuzi 230, mvuke wa trei ya maji dakika 10, kisha ondoa maji na uoke dakika 8 hadi 10 nyingine.

Sasa tatizo la oveni ya gesi: ina matundu, mvuke wote unatoroka. Dawa ni kufunika mikate kwa trei ya alumini iliyopinduliwa kwa dakika 10 za mwanzo, baada ya kuinyunyizia maji. Mchano ukikataa kufunguka, umeumua kupita kiasi au ganda lilikauka kabla ya kuingia motoni. Ganda likijikunja baada ya kutoka, uliitoa mapema.

Mlaji_Magomeni
Mkuu fundi, mbona hujaweka unga wa mchele? Kila mahali wanasema siri ya wepesi ni huo.

fundi_tanuri
Mchele hauna gluteni, kwa hiyo hauwezi kushika hewa. Ukiweka asilimia 10 mkate unapungua kimo. Wepesi unaletwa na umuko mrefu, vitamini C na mvuke. Waokaji wa huko wanatumia ngano, na ngano yenyewe inaagizwa kutoka nje.

Hata hivyo unga wao unavumilia utundu. Mwanzoni mwa 2020, mpaka na China ulipofungwa na matunda ya thanh long (dragon fruit) yakawaozea wakulima, kiwanda kimoja cha mikate cha Saigon kilisaga nyama ya tunda hilo kikaitia kwenye unga. Mikate ikatoka ya waridi, na watu wakapanga foleni.

BintiMalindi
Kwa masharti ya kaka kibanda, mimi nasema Nha Trang bila kusita. Samaki wanaompenda kwa chả cá ni pamoja na cá thu, naye ni huyu huyu nguru wetu. Huhitaji kubadilisha chochote ili kukwepa nguruwe.

Nguru gramu 500 za mnofu mtupu, kwangua kwa kijiko ukiacha mishipa. Weka kwenye friza dakika 30 hadi 40, kingo ziwe ngumu. Saga pamoja na chumvi gramu 7, sukari 5, wanga wa muhogo 15, mchuzi wa samaki wa chupa (nước mắm) kijiko kimoja cha chakula, pilipili manga, kitunguu saumu na vijiko viwili vya maji ya barafu. Halafu lichukue donge ulipige kwenye bakuli mara 30 au 40 mpaka ling'ae na kunata. Lisambaze unene wa sentimita moja, kaanga kwenye mafuta ya nyuzi 170, dakika tatu hivi kila upande, kata vipande vyembamba. Gramu 60 zinatosha mkate mmoja.

Kinachoharibika ni kimoja: joto. Samaki akipata moto wa mashine ya kusagia, protini zake haziungani, na badala ya kitu kinachodunda unapata kababu inayomung'unyuka. Mashine ikianza kuwa vuguvugu, simama, rudisha friza. Samaki aliyelala siku tatu sokoni pia hatakubali, hata umpige mpaka kesho.

siki_kali
Dada BintiMalindi yuko sahihi kuhusu samaki, ila mtu anayesema anauza bánh mì bila pate ya maini atadaiwa pate. Đặc biệt inawezekana bila nguruwe, kazi tu ni nyingi.

Umbo hili la kubeba mkononi ni la Saigon. Wafaransa waliuteka mji huo 1859 na mkate ukaja nao, lakini ulikuwa unaliwa mezani: mkate huku, siagi na nyama baridi kwenye sahani kule. Baada ya Mkataba wa Geneva wa 1954 watu wengi sana wa kaskazini walihamia kusini, na mmoja wa maduka yanayotajwa kuwa ya kwanza kuujaza mkate mfupi mtu aondoke nao ni Hòa Mã, lililofunguliwa na mume na mke kutoka Hanoi mwaka 1958. Bado lipo.

Badala ya nyama baridi za nguruwe, tafuta namna ya chả bò ya Đà Nẵng, soseji ya ng'ombe yenye pilipili manga nyingi. Ukiila hukohuko Vietnam uliza kwanza, wapo wanaochanganya mafuta ya nguruwe ili iwe laini. Pate: maini ya kuku gramu 500, ondoa kila palipo na rangi ya kijani ya nyongo, kaanga na vitunguu 150, siagi 120, saumu punje nne, chumvi 8 na kijiko cha chai cha unga wa viungo vitano wa Kichina. Loweka vipande viwili vya mkate kwenye maziwa, saga vyote. Maini yaive mpaka katikati, nyuzi 74. Inakaa siku nne kwenye friji. Kwenye kibanda ikae ndani ya barafu. Mayonezi ya mayai mabichi kwenye jua la saa sita ni kutafuta kesi. Nunua ya chupa.

Mtaa_wa_Kongo
Hải Phòng haijapata mtetezi. Kwa sharti la saa mbili hakuna inayoifikia: unene wa vidole viwili, urefu wa sentimita 20 hivi, ndani pate na mchuzi wa pilipili wa chí chương, basi. Haina achari, haina tango, kwa hiyo hakuna maji ya kulainisha ganda. Inapashwa tena moto mteja akifika. Na pate ya siki_kali inaitosha, gramu 20 kwa mmoja. Faida ndogo kwa kipande, lakini watu hawanunui kimoja.

Đà Lạt iache kabisa kwa biashara ya mkononi. Mipira inakuja na bakuli la mchuzi, mkate unachovya. Ni chakula cha kukaa, cha mji wa mlimani wenye baridi. Ukitaka kitu cha kuchovya, kuna bánh mì ya bò kho ya kusini: ng'ombe aliyechemshwa taratibu na mchaichai, mdalasini na karoti. Usiichanganye na sốt vang ya Hanoi, hiyo ina mvinyo mwekundu.

Mlaji_Magomeni
Na sisi wa haraka? Kuna cá mòi, dagaa wakubwa wa kopo wenye nyanya. Ipo kweli Vietnam au ni ubunifu wa watu?

BintiMalindi
Ipo, na ya zamani. Kopo la gramu 155 linajaza mikate miwili. Kaanga kitunguu na saumu, mimina kopo lote, kausha mchuzi mpaka kijiko kikipita kiache njia. Ukiujaza ungali na maji, dakika 15 tu mkate umekwisha.

kibanda_cha_pili
Nimeelewa: naanza na chả cá, na ya Hải Phòng kando. Mpangilio wa kujaza je, na achari?

siki_kali
Chana ubavuni, usiachanishe. Toa kidogo sehemu laini ya ndani. Mayonezi pande zote mbili mpaka ukingoni, mafuta yake yanazuia maji kuingia. Kisha samaki, tango lililokatwa kwa urefu bila mbegu, achari, giligilani na vijiti vyake, pilipili. Matone ya Maggi ya maji, si ya kipande, yaanguke juu ya samaki, si juu ya mkate.

Achari: karoti 250, figili nyeupe 250, vijiti vya unene wa milimita 4. Sugua na chumvi gramu 10 na sukari 20 mpaka kijiti kikunjike bila kukatika, suuza, kamua. Siki mililita 250, maji vuguvugu 250, sukari 100, chumvi 8. Saa moja inalika, kesho yake ni bora. Ikamue tena mkononi kabla ya kuweka kwenye mkate. Na ukifungua chupa ya figili, iache wazi dakika kumi mbali na wateja, harufu yake ya mwanzo inafukuza watu.