Mjadala: Taa za HID kwenye magari ya globu ya kawaida, abanwe dereva au fundi aliyezifunga?

Mleta mada (Uyole, Mbeya)

Wakuu, habari za jioni. Hili nalileta nikiwa mkosaji mwenyewe, kwa hiyo mawe yawekeni pembeni kwanza.

Mwaka jana nilifunga HID, zile taa nyeupe kali za gesi ya zenoni, kwenye Noah yangu. Sababu ni ile ile ya kila mtu: ukipita Isyonje saa mbili usiku ukungu umetanda, taa za globu ya kawaida ni kama umeshika kibatari. Fundi akaniwekea seti nzima, globu mbili na balasti zake (vile viboksi vya kuzipandishia umeme), kwa pesa ya magunia mawili ya viazi. Wiki ya kwanza nilijiona mfalme. Barabara nyeupe, vibao vinawaka toka mbali, nashangaa nilikuwa naishije.

Aliyenifumbua macho ni shemeji. Aliazima Noah kumpeleka mama Tukuyu, na jioni hiyo hiyo mimi nikaazima Probox ya jirani kufuata mzigo Kiwira. Kwenye kona likatokea gari, taa kama jua la saa sita. Nikapiga fulu mara tatu kumwambia ashushe. Naye akanipiga fulu, ndipo nikajua kumbe muda wote alikuwa kwenye dimu, yaani taa ya chini. Mstari wa pembeni sikuuona, wala ukingo wa barabara. Kona ile niliikata kwa kuikumbuka tu. Tunapishana, taa zangu zikamulika mlango wa dereva wenye puti ya kijivu ambao tangu Pasaka sijamaliza kuupaka rangi. Lilikuwa gari langu.

Kesho yake nikazitoa. Nikakaa na globu ya zamani mkononi, H4 hii ya kawaida. Ndani ina nyuzi mbili, na chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha bati, kidogo kama ukucha. Kazi yake ni kuzuia mwanga usigonge nusu ya chini ya bakuli la taa, maana mwanga unaogonga chini ndio unaoruka juu, machoni mwa anayekuja. Dimu yote imejengwa juu ya kile kibati.

Sasa hoja yangu. Trafiki akinikamata mimi ataandika faini, nitalipa, basi. Fundi yule ameshafunga nyingine ishirini. Mimi nasema abanwe anayefunga na anayeuza, dereva awe wa mwisho. Mnasemaje?

Dereva wa IST, Mbalizi

Wivu tu. Nunueni na nyie.

Fundi waya (Mwanjelwa)

Mkuu mleta mada, mimi ni hao unaotaka wabanwe, kwa hiyo nisikilize na mimi.

Mteja anakuja na seti yake kaagiza mwenyewe. Nikimkatalia anavuka barabara, anafungiwa na kijana ambaye hata rilei (swichi ya umeme inayopitisha moto mkubwa toka betri) haijui, anagusanisha nyaya, gari linaungua. Sasa hapo nimemsaidia nani?

Ila kwenye ufundi uko sahihi, ngoja nikuongezee. HID haina uzi. Ni cheche inayosimama ndani ya gesi ya zenoni; balasti inapiga zaidi ya volti 20,000 kuiamsha, kisha inaitunza kwa wati 35. Mwanga wake, kwa kipimo cha lumeni, ni kama 3,000, wakati dimu ya H4 ni kama 1,000. Seti za HID za kufunga kwenye taa ya H4 zinakuja na kibati na sumaku ya kusogeza globu mbele na nyuma kwa ajili ya dimu na fulu, lakini ile cheche ina umbo lake na haikai sawasawa pale uzi ulipokaa. Bakuli lilichongwa kwa ajili ya uzi. Ukisogeza chanzo cha mwanga milimita moja tu, huku mbele mwanga umeshatawanyika.

Jambo ambalo hamlisemi ni hili: magari mengi yanayokuja kwangu kulilia HID, ugonjwa wake ni nyaya. Gari lina miaka 20, swichi imechoka, waya mwembamba, umeme unaofika kwenye globu ni volti 11 na kidogo. Halojeni, yaani hizi globu za kawaida za uzi, ukiipunguzia volti asilimia 10, mwanga unashuka karibu asilimia 30. Weka rilei mbili na waya mnene moja kwa moja toka betri, nunua globu nzima ya wati 60/55, sugua kioo cha taa kilichogeuka njano kama chai ya maziwa. Watu wameondoka hapa wakadhani nimewadanganya, nimewawekea HID kimyakimya.

Lakini nani analipia rilei? Rilei haionekani usiku mbele ya washkaji.

Dereva wa semi, Dar–Tunduma

Nimecheka hapo kwa washkaji. Fundi kasema kweli.

Mimi mlima Kitonga napanda na kushuka kila wiki. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku 2023, magari ya usiku yameongezeka kule, na kwenye zile kona taa ya mtu inakusubiri kabla hujamwona mwenyewe. Unashuka na tani zako, breki unazitunza, halafu kigari kidogo kinapanda na mwanga wa bluu. Kulia ni ukuta wa mlima au mwenzio, kushoto ni korongo. Utakwenda wapi?

Na hiyo ya bluu ndiyo upuuzi kuliko yote. Zile zinazoandikwa 8000, namba ya rangi ya mwanga, zinatoa mwanga mdogo kuliko 4300 ambazo ni nyeupe yenye unjano kwa mbali. Mtu analipa ili aone kidogo na awaumize wengi.

Ila tuwe wakweli, hata sisi wa malori tuna dhambi yetu. Malori mengine yametoka nchi za Ulaya wanakoendesha kulia. Taa zake zinanyanyua mwanga upande wa kulia kumulika watembea kwa miguu wa kule. Kwetu kulia ndiko anakotoka mwenzako. Lori hilo lina globu yake halali ya kiwandani na bado linakupofusha. Hapo utambana fundi gani?

Mwenye Mark X (Njombe)

Msichanganye mambo. Langu limekuja na HID toka kiwandani, na hakuna anayenipigia fulu. BMW walianza kuziweka kwenye magari yao ya mfululizo wa 7 mwaka 1991, ni teknolojia ya zamani wala si dhambi. Tofauti ni projekta: kuna lensi na kizuizi ndani kinachokata mwanga kama kisu. Mkisema HID ipigwe marufuku mnatuonea sisi.

Mwalimu wa udereva (Iringa mjini)

Kamwene wote. Kijana wa Mark X, hakuna aliyesema zipigwe marufuku zote, soma kichwa cha mada.

Na hata hiyo projekta yako isikupe kiburi. Kanuni za Ulaya zinataka taa yenye chanzo cha zaidi ya lumeni 2,000 iwe na mtambo wa kujishusha yenyewe gari linapoelemewa nyuma, na kifaa cha kuosha kioo cha taa. Walijua tope na mzigo vinaharibu kila kitu. Sasa chukua Noah ya hapa kwetu: watu wanane, mfuko wa mahindi nyuma, kuku chini ya kiti. Makalio ya gari yameshuka, pua imeinuka, taa zinamulika makanisa ya mlimani. Hata halojeni hapo inaumiza, sembuse hiyo mara tatu. Na Marekani, seti ya HID ndani ya taa iliyotengenezewa halojeni hairuhusiwi barabarani. Hawajali nani kaifunga.

Kwa swali la mleta mada, mimi sikubaliani nawe. Dereva ndiye anayeshika swichi. Wanafunzi wangu nawapeleka ukutani: simamisha gari mita 10 kutoka ukutani, mahali tambarare, washa dimu. Ukingo wa juu wa mwanga uwe sentimita 10 chini ya urefu wa taa yenyewe. Kama hakuna ukingo, ukuta mzima umekuwa mweupe, hiyo taa haina dimu, na wewe umeshajua. Ukishajua ukaendelea kuendesha, usiniletee habari za fundi.

Tatizo la ukaguzi wetu ni saa. Wiki ya Nenda kwa Usalama mnakaguliwa saa nne asubuhi. Zimewaka? Zimewaka. Chukua stika.

Bodaboda, Igawilo

Mimi sina cha lumeni. Nyie mkipishana wenyewe mna vioo, mna viti. Mimi nikipofuliwa nashika mtaro, na abiria wangu na ndizi zake. Abanwe yeyote, ila abanwe.

Dereva wa IST, Mbalizi

Na zile taa za LED mlizofunga kwenye usukani, zinazowaka-waka? Hizo hazipofui?

Bodaboda, Igawilo

Yangu nimeielekeza chini kaka. Njoo uione.

Mleta mada (Uyole, Mbeya)

Mwalimu umenibana, shikamoo. Nakubali nusu: siku ile ya kwanza nilipoona vibao vinawaka nusu kilomita mbele, nilipaswa kujiuliza huo mwanga wa juu kiasi hicho unawafikaje wengine. Sikujiuliza. Lakini nusu nyingine nakataa, maana hata huo ukuta nimeusikia leo kwako na miaka 14 naendesha. Fundi anajua mambo ya bakuli na cheche, mimi nilijua yanawaka tu. Anayejua zaidi abebe zaidi.

Shemeji naye kanuna, anasema Noah imerudi kuwa kibatari.

Fundi wa Mwanjelwa, Jumamosi naileta kwa rilei mbili na globu mpya. Ila hapo kwako ukuta uko wapi? Uchochoro wenu ule siuoni wenye mita 10.