Je, tindikali ya usaha hupunguza ugumu wa MTA kwenye mzizi wa jino?

Mwanafunzi wa meno: Naomba ufafanuzi wa madaktari. Tumefundishwa kwamba MTA, dawa inayotumika kuziba mzizi uliotoboka, hushika hata penye unyevu. Lakini penye jipu pana tindikali pia. Je, itafikia ugumu wake wa kawaida?

Daktari wa mizizi: Haitaufikia. MTA, iliyobuniwa na Torabinejad katika Chuo Kikuu cha Loma Linda, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa sehemu kubwa ni saruji ya Portland, ikiongezwa oksidi ya bismathi ili ionekane kwenye eksirei. Silikati za kalsiamu zilizomo kwenye saruji hiyo zikipata maji hujenga jeli inayozishikamanisha chembe, na papo hapo hutoa hidroksidi ya kalsiamu inayopandisha pH (kipimo cha tindikali; ikishuka, tindikali imezidi) hadi takriban 12.5. Lakini tindikali huila hidroksidi hiyo na kuuvuruga ujenzi wenyewe ungali mbichi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2008, MTA iliwekwa kwenye asidi ya butiriki, ambayo bakteria huitoa. Kwenye pH 7.4 ugumu wa uso kwa kipimo cha Vickers ulikuwa takriban 53. Kwenye pH 4.4 ulibaki kama 14, na vitundu viliongezeka. Tishu yenye uvimbe inaweza kushuka hadi pH 5.5, kwa hiyo jambo hili si la maabara pekee.

Mwanafunzi wa meno: Ahsante, Daktari. Basi kliniki tufanyeje?

Daktari wa kliniki ya wilaya: Mwanangu, usiharakishe. Safisha mfereji wa mzizi, weka hidroksidi ya kalsiamu kwa wiki moja au zaidi, na usaha ukikoma ndipo uiondoe na kuweka MTA. Ikiwa umetumia EDTA, kemikali ya kusafishia mfereji, isuuze vizuri, kwani nayo hunyakua kalsiamu na kuizuia dawa kushika. Kosa hili naliona mara nyingi kuliko hilo la usaha.

Daktari wa mizizi: Naongeza kwamba MTA huchukua karibu saa tatu kushika, ilhali Biodentine, dawa nyingine ya kuzibia, huchukua takriban dakika 12, hivyo hukaa mbichi mbele ya tindikali kwa muda mfupi zaidi. Ila tundu lililotobolewa leo kwa bahati mbaya, kwenye jino lisilo na maambukizi, lizibwe leo leo. Ukilingoja ndipo unapowakaribisha bakteria.