Mama katoka Mwingi, jirani ananifokea. Nifanyeje?

MwanaMwingi: Wadau, naishi Pipeline, mtaa wa Nairobi, ghorofa ya sita, chumba kimoja, mwaka wa nne sasa. Mwaitu, yaani mama yangu kwa Kikamba, amekuja kunisaidia kulea mtoto. Mlango hafungi. Akisikia nyayo kwenye ngazi anatoka kusalimia, "Mmeamkaje?" Watu wanapita na simu sikioni kama hawajasikia. Juzi kapika ndengu alizobeba kutoka nyumbani, akamwita mtoto wa jirani, akampa sahani. Jioni mama wa mtoto huyo yuko mlangoni: "Mwambie mama yako asimlishe mtoto wangu." Mwaitu alikuwa nyuma ya pazia, kasikia kila neno. Tangu hapo ananiuliza alikosa wapi. Nimwambie nini bila kumvunja moyo?

ShangaziKayole: Pole mwanangu. Ila jirani usimlaumu. Mzazi wa hapa hufunza mtoto asipokee chakula cha mtu asiyemjua, na ana sababu. Nendeni nyinyi wawili na sahani kwa huyo mama mwenyewe. Apewe yeye, si mtoto.

Ngazi_ya_Saba: Afunge mlango, basi! Siku ya mgao wa maji nilienda kuanua nguo juu, kurudi mitungi yangu miwili ya maji haipo. Hapa mtungi wa lita 20 una miguu.

Mrudi_Makueni: Msipambe kijiji sana. Mimi nilirudi 2021. Nikinunua nyama kilo mbili, kabla sijafika nyumbani habari imeshafika kanisani, na kuna wa kuja kukopa. Lakini pia: Nairobi niliwahi kulala na homa siku tatu, hakuna aliyebisha. Huku, asubuhi moja jikoni kwangu hakukutoka moshi, saa nne jirani yuko mlangoni na uji. Ni yuleyule aliyenisengenya kwa ajili ya nyama. Mama yako amezoea watu wa namna hiyo, wote wawili ndani ya mtu mmoja.

MwanaMwingi: Shangazi, tulienda jana. Alipokea mlangoni, akashukuru kwa aibu kidogo, kukaribishwa hakuna. Mwaitu anangoja sahani yake, anasema haiwezi kurudi tupu. Nimemwambia asingoje sana.

Ninapoandika hivi mlango u wazi tena, anapiga soga na keyteka, msimamizi wa jengo. Kwa Kikamba! Kumbe yule mzee ni wa Kyuso, upande wetu wa Mwingi. Miaka minne namlipa kodi kila mwezi na sikuwahi kumuuliza kwao ni wapi.