Ondoa neno "sema"

*Kikundi: Wazazi Nkuhungu*

Mama Daudi: Hamjambo jamani. Nikimwambia mwanangu Daudi, mwenye usonji (autism), "sema shikamoo" anajibu "sema shikamoo". Bibi yake anakuja Jumamosi kutoka Kongwa. Nifanyeje?

Mwl. Rehema: Hatujambo mama. Liondoe hilo "sema". Watoto wengi wenye usonji hurudia sentensi nzima kama walivyoisikia, hawatenganishi agizo na salamu.

Mwl. Rehema: Muwe wawili. Baba akae mbele yake mkekani, vimo vilingane. Wewe kaa nyuma ya Daudi, umnong'oneze neno moja tu: "shikamoo". Akilitoa, baba ajibu palepale, "Marahaba Daudi!", kwa uso mkunjufu. Wewe kimya.

Baba Eliza: Kwa nini nyuma?

Mwl. Rehema: Ukiwa mbele atakuamkia wewe, au atakutazama kwanza kila akikutana na mtu. Na akisema mwenyewe "shikamoo marahaba", mara nyingi anayejibu amechelewa, au mtoto ameyashika kama neno moja. Baba awahi.

Mama Daudi: Akinyamaza je?

Dada Happy: Hesabu moyoni mpaka kumi ndipo urudie. Tukirudia haraka tunamkatiza akiwa bado analitafuta neno. Akiweza mara tatu nne mfululizo, punguza: "shika…", kisha "shi…", kisha mguso wa bega, kisha usifanye chochote. Msipopunguza, mnong'ono unakuwa sehemu ya salamu, bila huo haamkii mtu. Mara tano kwa siku zinatosha, akiwa ameshiba na redio imezimwa. Akiziba masikio, acheni hapo.

Mama Daudi: Bibi naye anapenda kumshika kichwani.

Dada Happy: Mpigie simu leo leo. Kuna watoto ambao mguso wa ghafla unawaumiza kabisa. Anyooshe kiganja, Daudi akiguse akitaka. Asimwambie "niangalie", akilazimishwa macho, hata kusikiliza kunamshinda. Na "mbukwenyi", ile salamu ya Kigogo, isubiri kwanza, tafadhali. Kigogo atajifunza, ila salamu moja ikae kwanza.

Mama Daudi: Kaka yake wa miaka tisa anaweza kunong'ona badala yangu?

Mwl. Rehema: Anaweza, na ni vizuri, ili Daudi asizoee sauti yako tu. Kabla ya Jumamosi aamkie pia jirani mmoja na mwenye duka. Akizoea kwa baba peke yake, kwa bibi atakwama.